Fundi Aliyeinua Macho

Omary alivua kofia yake ya askari mbele ya picha ile, akaishika kifuani kwa mikono miwili, kama mtu aliyeingia msibani akakuta wenzake wamekwisha kukaa. Mimi nilikuwa nimeshapita. Niliporudi kumwita, niliona midomo yake inacheza.

"Shikamoo," alisema, kwa sauti ndogo kabisa.

Ilikuwa Juni 1946, London, siku chache baada ya gwaride la ushindi. Katika kombania yetu tulichaguliwa wawili tu kwenda kuandamana mbele ya Mfalme: mimi Eliamini, Mmeru wa Akeri, mwalimu wa shule ya misheni kabla ya vita, na Omary Selemani, mzaliwa wa Arusha mjini. Tulipewa ruhusa ya siku nzima. Wenzetu wengine walikwenda kutazama wanyama kwenye vizimba, jambo lililonichekesha, maana kwetu tembo walikuwa wakishuka kutoka mlimani kula migomba yetu na hakuna aliyewaita waje. Mimi nilitaka picha. Kanisani kwetu kulikuwa na moja, ya karatasi, imepauka kwa ukungu wa Meru, na mchungaji alizoea kutuambia kwamba Ulaya kuna majumba yaliyojaa picha tu, vyumba kwa vyumba. Nilikuwa nimeapa kuviona vyote. Omary alinifuata kwa kuwa hakupenda niende peke yangu. Tangu Burma alikuwa hivyo; hata nikienda kisimani, nilimsikia nyuma yangu akikohoa.

Jumba lenyewe lilikuwa na sakafu iliyong'aa hata nikaona haya kwa ajili ya buti zangu. Watu walitembea kimya, wengine wakisahau picha na kututazama sisi. Tulipita wafalme, tukapita farasi, tukapita mabibi waliovaa lulu. Kisha tukamkuta huyo.

Alikuwa mzee wa ndevu za kijivu, amesimama nyuma ya meza. Mbele yake kitambaa chekundu kilichopigwa mistari ya chaki. Mkono wa kulia ulishika mkasi mkubwa. Kichwa kilikuwa kimeinama kidogo bado, lakini macho ameyainua, anatutazama moja kwa moja.

Nikajua kwa nini Omary amesimama.

Baba yake, Mzee Selemani, alikuwa fundi cherehani, barazani kwake, si mbali na mto Naura. Alishona kanzu za maarusi na makoti ya makarani wa Boma, na hata sisi wa mlimani tulilijua jina lake. Mwaka 1942 Omary, akiwa na miaka ishirini, alikata kanzu ya bwana harusi ikatoka fupi kwa shibiri nzima. Mzee hakumpiga. Alimweka pembeni mwezi mzima, kazi yake kushona vifungo, mbele ya wateja. Mwezi ulipokwisha, Omary alikwenda kusimama mbele ya meza ya kukatia akasema, "Baba, nimejiandikisha jeshini. Tunaondoka kesho." Mzee akainua macho, akamtazama, wala hakutamka neno. Omary akasubiri kidogo, akageuka, akaondoka.

Kisa hiki alinisimulia msituni Burma mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, mvua ikitumiminikia, na kila mara alimalizia vilevile: "Hata neno moja, Eliamini. Hata nenda salama."

Halafu ikaja barua ya dada yake, Nusura. Baba amefariki, tumemzika Ijumaa, cherehani nimeifunika shuka. Omary alinipa niisome, akaikunja, akaitia mfukoni, akaenda kuteka maji. Tangu siku hiyo hakukisimulia tena. Ndani ya meli ya kuja Uingereza ndipo aliponiambia kwamba tukifika Nairobi ataweka sahihi aendelee na jeshi, popote watakapompeleka.

"Na nyumbani?" nilimuuliza.

"Arusha sina cha kurudia."

Nilitaka kumwambia kwamba anaye Nusura, na kwamba ananiacha mimi pia. Nilitazama maji mpaka shingo ikaniuma.

Sasa alikuwa amesogea karibu na picha, karibu mno, mpaka mlinzi wa chumba akanyanyuka kitini.

"Aliyechora hii alikaa na mafundi," Omary alisema. "Tazama kidole gumba. Mkasi umeshauma kitambaa."

"Mimi naona mkasi tu."

"Yuko katikati ya kukata. Akisema neno sasa, mkono utatikisika, na nguo nzima imeharibika. Kwa hiyo ameinua macho basi. Anatuambia tungoje."

Aliendelea kutazama. Familia moja ilikuja, ikasimama nyuma yetu, ikaondoka.

"Siku ile baba alikuwa anakata koti," alisema. "Sufu. La karani mmoja wa Boma."

Akaigeuza kofia mikononi.

"Mimi sikungoja amalize."

Alilia akiwa amesimama wima, kama yuko kwenye gwaride, machozi yakimwingia kwenye kola. Mlinzi akaja akichechemea, mzee mwenye nishani za vita vile vya kwanza. Nilidhani anakuja kututoa. Kumbe alikuwa anaburuta kiti chake. Akakiweka nyuma ya Omary, akamgusa bega, na Omary akakaa.

"Muulize huyu wa kwenye picha alikuwa nani," Omary aliniambia baadaye, sauti ilipomrudia.

Nikauliza kwa Kiingereza changu cha misheni. Mlinzi akatikisa kichwa: jina halijulikani, imeandikwa fundi tu.

"Mwambie mtaani kwao walimjua," Omary alisema.

Nilipomtafsiria, mlinzi alifikiri, kisha akajibu kwamba bila shaka walimjua, na kwamba mke wake yeye angemjua pia, kwa kuwa ni mshonaji na hakuna koti la mtu analolipita bila kulisema vibaya. Omary akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu ile barua. Tukakaa na mlinzi pale, mmoja kitini, wawili tumesimama, mpaka kengele ya kufunga ikalia, na vyumba vingine vyote vya jumba lile sikuviona hadi leo.

Nairobi, zamu yetu ilipofika mezani kwa afisa, nilimtanguliza Omary kwa makusudi ili nisikie. Aliulizwa kama anaendelea. Akasema, "Hapana, bwana. Nakwenda nyumbani." Nikajifanya nafunga kamba za buti.

Arusha tulishuka kwenye treni asubuhi, Mlima Meru ukiwa wazi bila wingu. Nusura alitupokea mlangoni kwa kilio, akatupeleka makaburini. Omary akasoma dua yake, mimi nikainamisha kichwa kwa namna ya kwetu. Tuliporudi alifungua mlango wa barazani mwenyewe. Alifagia, akasogeza meza kwenye mwanga, akaanza kulitia mafuta gurudumu la cherehani. Mimi nilikaa kizingitini na mfuko wangu wa safari, nikingoja lori la Tengeru linipeleke Akeri. Kwetu walikuwa hawajaniona miaka minne.

Akatokea jirani, Mama Chiku, mwenye koti la mumewe mkononi, limechanika kwapani. Alikuwa na haraka. Hakutazama vizuri aliyeinama kwenye cherehani.

"Hodi," alisema. "Nimeona mlango uko wazi. Fundi yupo?"

Nusura alimtazama kaka yake. Mimi niliangalia barabarani, kwa kuwa sikuweza kumtazama.

"Yupo, mama," Omary alisema. "Karibu ukae."

Nikasikia koti likitandazwa mezani, na mkono ukilipapasa polepole kutafuta mshono. Barabarani lori la Tengeru likapiga honi. Nikaliacha liende.