Samaki wa Namnyaki

Habari ya Namnyaki nimeisikia ikisimuliwa sokoni na watu ambao siku ile hawakuwepo kabisa. Wengine wamemfanya mchawi, wengine wamemfanya hawara wa Mzungu, na roho inaniuma. Wallahi nikiwakuta tena nitawatia makofi. Mimi Arafa, mke wa Omari mpishi, nilikuwepo. Mlango wa jiko letu ulitazamana na gati, na niliyoyaona niliyaona kwa macho yangu haya.

Ilikuwa enzi ya Mdachi. Bwana wetu alikuwa na jina lililotushinda kulitamka, basi tukamwita Bwana Kiko, kwa kuwa kiko hakikumtoka mdomoni hata akitukana. Shamba lake la kahawa lilikuwa upande wa Themi, lakini kila alipochoka alikuja na mkewe ziwani Duluti, karibu na Tengeru. Alijenga pale nyumba ya mbao yenye baraza, na mbele yake gati la kuvulia samaki. Alikuwa anakuja kupumzika, ati. Akipumzika yeye, sisi tunapasua kuni, tunachota maji, tunafukuza nyani wasile mkate wa Bibi.

Juu ya bonde aliishi Lemayian, Mwarusha aliyehamia upande ule na ng'ombe wake wachache. Mkewe ndiye Namnyaki. Kila asubuhi alituletea maziwa, akayamimina, akaondoka. Hakuwa mtu wa maneno. Siku moja ya masika Lemayian akashusha ng'ombe kunywa pale pale walipokunywa siku zote, tangu kabla hatujasikia habari ya Bwana Kiko wala gati lake. Mtamba mmoja mjinga akapanda juu ya gati. Mbao zikavunjika, kiti cha Bibi kikatumbukia majini.

Basi! Lemayian akakamatwa, akafungwa kamba, akafungiwa kwenye banda la majembe. Jumamosi angepelekwa bomani Arusha. Kwanza hamsa ishirini, vile viboko ishirini na tano vya Mdachi, kisha mnyororo, kujenga barabara. Kaka yake alitiwa kwenye mnyororo huo huo mwaka uliotangulia, na kilichorudi nyumbani ni habari yake tu. Kila mtu pale alijua Jumamosi maana yake nini.

Alhamisi jioni Namnyaki akaja bila maziwa. Akasimama chini ya ngazi ya baraza.

"Nipe mume wangu," akasema.

Hakusema tafadhali. Kiswahili chake kilikuwa cha kuuzia maziwa, na neno hilo hakuwahi kulihitaji.

Alimkuta Bwana Kiko amenuna. Kesho yake ilikuwa Ijumaa yao ile kubwa, wasiyokula nyama, na Bibi alikuwa mshika dini kwelikweli. Alitaka samaki. Bwana alikuwa ameshinda gatini na ufito wake wa kuvulia wa Ulaya, mvua inamnyea, akapata majani na mafua. Akamtazama Namnyaki, akatabasamu, na mimi nikajua hapo hapo kwamba hana jema.

"Wewe nipe samaki," akasema. "Umvue mwenyewe. Umtoe kwenye ndoano kwa mkono wako. Kesho, kabla ya chakula cha mchana. Ukileta, mume anakwenda nyumbani."

Akacheka. Na Saning'o, aliyekuwa akikata majani pembeni, naye akacheka! Saning'o huyo ni rika moja na Lemayian, wametahiriwa pamoja, na mwenzake yuko ndani ya banda amefungwa kama mbuzi. Nilifyonya mpaka Omari akanikanyaga mguu.

Walijua wanachocheka. Kwa ukoo wa Lemayian siku hizo samaki hakuwa chakula. Alikuwa nyoka wa majini. Hawamli, hawamgusi, na mwanamke aliyemla hapewi tena kukamua, maana wazee wao waliamini ng'ombe watakata maziwa. Sasa mwanamke wa wafugaji asiyekamua ni nani nyumbani kwake? Bwana Kiko aliyajua yote hayo. Ndiyo maana akaona ameahidi bure.

Namnyaki hakucheka wala hakulia. Akaja jikoni.

"Arafa, samaki anashikwaje?"

"Ee Mola! Utaweza?"

"Nimekuuliza anashikwaje."

Mimi ni mtoto wa Pangani, samaki ningemvua mwenyewe na kanga nimejifunga. Lakini Bwana Kiko hakuwa mjinga. Ijumaa asubuhi alikaa barazani na darubini yake, anaangalia nani anakaa gatini. Basi nikampa Namnyaki mshipi na ndoano, nikamchimbia minyoo nyuma ya jiko, nikamwonyesha kutia chambo. Minyoo hakuipenda, lakini aliitia. Akaenda gatini peke yake, akapita juu ya pale palipovunjika, akaketi mwisho kabisa na miguu yake ikining'inia.

Ukungu ulikuwa umelala juu ya ziwa, ng'ambo haionekani. Baridi ile ya Meru ya masika, mnaijua. Amekaa na vazi lake la ngozi mabegani, hajitikisi. Mimi namenya viazi, jicho liko gatini. Nasema moyoni, Yarabi, hata kadogo.

Mara mshipi ukavutwa. Namnyaki akasimama, akavuta kwa mikono miwili, na juu ya mbao akaanguka kambale mnene, mweusi, na zile sharubu zake. Nikapiga kigelegele! Nimesahau kabisa nani namshangilia. Yule mwanamke maisha yake yote hajamwona kambale kwa karibu. Ameona kitu kirefu, cheusi, kinateleza, kinajipinda kumwelekea miguuni. Akafanya ambavyo mtu yeyote wa kwao angefanya akikutana na nyoka. Akapiga ukelele, akakipiga teke.

Kambale huyo majini, chubwi! Na ndoano ikakatika, ikaenda naye.

Jamani. Kisu kikaniponyoka. Saning'o alikuwa amejishika mbavu. Barazani Bwana Kiko anapiga magoti yake makofi, darubini inamrukaruka kifuani. Namnyaki alisimama akiyatazama maji.

Nikamkimbilia. Nilitaka kumwambia pole, lakini badala ya pole ikatoka hasira. "Samaki huyo! Mume wako huyo umempiga teke!"

"Najua," akasema. "Nipe ndoano nyingine."

"Akija tena?"

"Hata akiwa nyoka kweli, safari hii simwachi."

Nikampa. Mvua ikaanza, ile ya kukata shauri, na yeye hakuondoka. Jua halionekani, saa zinakwenda, Omari anaulizwa na Bibi kuhusu chakula na hana la kujibu isipokuwa viazi. Bwana Kiko alishakunywa mvinyo wake, akalala kitini. Mimi nilikuwa nimekata tamaa, naisema kweli. Yeye hapana. Mnyoo ukiliwa, anatia mwingine. Ukiliwa tena, anatia tena.

Alipokuja wa pili, Namnyaki hakusimama hata kidogo. Alivuta, samaki akaanguka juu ya mbao, naye akamwangukia kwa kifua. Akamlalia! Kambale anapiga mkia, mwanamke anasema naye kwa Kimaa maneno ambayo sidhani yalikuwa ya heshima. Mwiba wa samaki ukamwingia kiganjani mpaka ndani, damu ikatiririka kwenye mbao, na bado mkono haukufunguka. Akaing'oa ndoano. Akaja naye barazani amemkumbatia, damu na utelezi vimemjaa kifuani, akamlaza juu ya meza mbele ya kiko.

"Nipe mume wangu."

Bwana akaamka. Akamtazama samaki, akatutazama sisi. "Huyu amevuliwa na mke wa mpishi," akasema. "Mimi nilikuwa nimelala. Mwarusha hagusi samaki."

"Angalia mkono wake, Bwana!" nikasema. Omari akanivuta kanga.

"Kama ni wake, ale," akasema Bwana Kiko. "Hapa, mbele ya watu wote. Akila, nitaamini."

Mtu mzima, na ndevu zake. Damu ilinichemka, lakini ningefanya nini? Omari akamkata samaki, akamkaanga. Bibi akawekewa vipande vyake mezani. Kimoja akapewa Namnyaki kwenye sahani ya bati. Watumishi wote waliitwa, wakasimama kwenye majani yaliyolowa. Saning'o mbele.

Namnyaki alikitazama kile kipande kitambo. Kisha akakitia mdomoni, akatafuna polepole, na machozi yanamshuka bila sauti. Koo lilikataa mara ya kwanza, akalilazimisha. Akameza. Akafungua mdomo wake wazi, akamwonyesha Bwana Kiko kwamba hamna kitu.

Saning'o akatema mate chini.

Aliyenishangaza ni Bibi. Aliweka uma wake mezani, akamwambia mumewe neno moja la Kidachi, fupi. Sikulielewa, na sikuhitaji. Bwana Kiko akawa mwekundu mpaka shingoni. Akatoa ufunguo mfukoni, akautupa kwenye majani, akaingia ndani.

Omari alifungua banda. Lemayian akatoka anafumba macho kwa mwanga, viwiko vimevimba kwa kamba. Kabla mkewe hajafika, Saning'o alishamwahi, anamwambia kwa Kimaa, anamnyooshea Namnyaki kidole mdomoni. Neno la samaki nililijua.

Lemayian akamtazama mkewe. Ile damu kifuani, ule utelezi, na harufu yake, maana alinuka kweli, maskini.

"Nimekula," Namnyaki akasema. Alisema kwa Kiswahili, makusudi, sote tusikie. Macho hakuyashusha. "Na Jumamosi ijayo wakikukamata tena, nitakula tena."

Lemayian akaanza kutembea. Akampita. Akampita bila kumgusa, wallahi, na mimi nikashika mwiko. Nilikuwa nimeazimia kumpasua kichwa. Mwanamke amejitoa hivi, nawe unampita?

Lakini alikuja moja kwa moja hadi mlangoni kwangu.

"Amebaki?"

"Nani?"

"Yule wa majini."

Nilikuwa nimejiwekea kichwa na mkia kwenye sufuria, mchuzi wangu wa jioni. Nikamfunulia. Akakitoa kichwa kwa vidole, kina moto, akarudi nacho hadi alipo Saning'o, akasimama karibu kiasi kwamba mvuke ulimfikia mwenzake usoni. Akakila. Macho ameyafumba, mifupa inalia menoni, na sharubu za kambale zinaning'inia kidevuni mwake.

"Nenda kawaambie wazee," akamwambia Saning'o alipomaliza. "Waambie ni wawili."

Saning'o akaokota panga lake la majani, akaenda zake. Lemayian naye akakimbilia nyuma ya migomba, akatapika kila kitu. Namnyaki akamfuata, akamshika kichwa kwa mkono wake uliokuwa ukivuja damu, na wote wawili nikawasikia wakicheka na kulia kwa wakati mmoja.

Kisha Lemayian akajipangusa mdomo, akarudi jikoni kwangu, akaomba mkia.