Solange wa Zizini

"Mtu mwenye haya hampi mbuzi jina la marehemu," Josiane alisema, kiganja puani.

"Mwaka huu ni wa herufi S, jirani. Ufaransa nzima, kila mbuzi wa ukoo anayezaliwa anaandikishwa kwa jina la S. Ulitaka nimwite Sabuni?"

"Angalau angeijua sabuni."

Ginette aliegemea ua, buti zake zimeganda samadi. Nyuma yake beberu alikuwa akijikojolea ndevu, kama wafanyavyo mabeberu wakitaka kupendeza, na harufu ile ikamwingia Josiane hadi kooni. Akatema mate pembeni.

Angevumilia, kama alivyovumilia miaka yote. Lakini binti yake alijifungua juzi juzi, na leo ndiyo siku ya mwisho kumwandikisha mtoto kwa meya. Mtoto alikuwa aitwe Solange, jina la marehemu mama yake Josiane, na la mtakatifu wa mkoa huu huu wa Berry, msichana mchungaji aliyekatwa kichwa. Padri alisema asili yake ni Kilatini, maana yake ibada yenye heshima. Basi asubuhi mkwewe, Jérémie, akamsikia Ginette akifoka, "Solange, toa pua kwenye mavi," akaapa mwanawe hataitwa kama mbuzi. Heri Kimberley.

Kimberley. Josiane alilisikia kama nywele kwenye supu.

"Mbadilishe jina."

"Sibadilishi. Mume wangu aliponikimbia, nani alinipa mbuzi wa kwanza? Mama yako. Huyu ni wa ukoo ule. Mama yako alipofariki ilikuwa mwaka wa C. Herufi zenyewe ni ishirini tu, K na Q hazimo; S hurudi baada ya miaka ishirini, Josiane. Nimeingoja kumi na minne."

Inzi akamtua Josiane mdomoni, naye akampangusa kwa kinyaa.

"Kumi na minne, kwa ajili ya mbuzi?" Ni Jérémie, kasimama mlangoni kwa Josiane na funguo za gari mkononi.

"Kwa ajili ya Solange," Ginette alisema. "Mbuzi nilikuwa nao tele."

Jérémie alimtazama mbuzi, akamtazama mama mkwe wake. Akakuna shingo.

"Niandikieni hilo jina la Solange kwenye karatasi," alisema. "Nisije nikakosea kule kwa meya."

"Kule wamefunga, wanakula. Mpaka saa nane." Ginette alifungua lango. "Jibini ipo, na viazi vya moto. Ingieni."

Josiane aliitazama mikono ile, nyeusi hadi kwenye kucha.

"Umenawa?"

"Asubuhi. Ingia ule, bibi wee."