Bila Kunishusha

Injini ilikataa kuingia. Fundi aliishusha kwa mnyororo polepole, mkono mmoja ukivuta na mwingine ukiongoza, na kila ilipofika usawa wa chasisi ilikwama. Mbele iligonga rejeta, nyuma iligonga ule ukuta wa bati unaotenga injini na abiria. Akaipandisha, akafuta jasho kwa kiwiko, akaishusha tena kana kwamba safari hii chuma kingeona haya na kupungua.

Mchomeleaji wa banda la jirani alisimama mlangoni amekunja mikono. Watu walimwita Miwani, kwa sababu katika miaka yake yote ya kuchomelea hakuna aliyewahi kumwona amevaa miwani, na macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyetoka msibani. Alisema hiyo ni injini ya kubeba kokoto na hako kagari kalizaliwa kubeba mboga. Fundi akamwambia kama hana la kufanya aje ashike upande wa pili. Akashika. Walihangaika nayo mpaka adhuhuri, na injini ikabaki inaning'inia juu ya pikapu.

Tuseme kweli, injini yenyewe ilikuwa kazi ya mtu anayejua kazi. Bloku, yaani mwili wa injini, lilitoka kwenye lori la kokoto lililopinduka, silinda sita zimejipanga kama mitungi dukani. Hedi, kifuniko cha juu ya silinda, ilitoka kwenye jenereta kubwa la kiwanda kilichofungwa, pistoni alizichongesha upya, turbo ya kuisukumia hewa aliitoa pengine na kuifungia ubavuni kwa mabomba aliyoyakunja mwenyewe. Injini ya namna ile haikuwepo popote duniani ila katika banda lile. Na pikapu ya kuitia ilikuwa kikongwe cha taa za duara, kilichomzidi fundi umri, alichoachiwa na baba yake mdogo. Mwenye akili zake angeuliza ya nini yote hayo, na wengi waliuliza. Fundi aliwajibu kwamba ni kwa ajili ya mlima.

Mlima wenyewe kila mtu pale mjini aliujua. Barabara ilianzia nyuma ya soko na kupanda moja kwa moja bila huruma hadi hospitali, na mbele kidogo ya hospitali ndiko kulikokuwa nyumbani kwa mama mkwe wake. Siku mkewe aliposhikwa na uchungu, fundi alimpakia kwenye pikapu na kuukabili mlima huo. Katikati ya njia gari likaanza kukohoa. Likazima. Akawasha, likapiga hatua kama mlevi, likazima tena. Ndipo alipomwambia mkewe, kwa sauti nzuri kabisa, ashuke kidogo ili gari lipungue uzito, atangulie, yeye anamfuata.

Mkewe akashuka. Alipanda mlima ule kwa miguu akishika kuta za watu, akisimama kila uchungu ulipombana, na kila alipogeuka nyuma alimwona mumewe ameinamia injini, mgongo tu ndio unaonekana. Fundi alipofika hospitali mikono yake ilikuwa na grisi hadi kwenye viwiko, na mtoto alikuwa ameshazaliwa, amefungwa kitambaa cheupe, hakulia hata mara moja. Mkunga alieleza kwamba mtoto alikuwa amefariki tumboni tangu asubuhi, kwamba hata wangekuja kwa ndege isingesaidia. Mkewe alilisikia hilo akiwa peke yake kitandani. Fundi alilisikia baadaye, akiwa amesimama, na lilipita sikio moja likatokea la pili. Akilini mwake alikuwa ameshampata mhalifu, naye ni ile injini ndogo.

Mkewe hakurudi nyumbani. Kutoka hospitali alikwenda kwa mama yake, akakaa huko. Wiki ile ile fundi alimfuata kwa basi, akamwomba msamaha kwa maneno mengi yaliyohusu kabureta na pampu ya mafuta. Mkewe alimsikiliza mpaka mwisho, uso umemvimba kwa kulia. Kisha akasema, "Siku gari lako litakapoweza kupanda huu mlima bila kunishusha, ndiyo siku nitakayorudi."

Sasa mtu mwingine angejua kwamba hayo ni maneno ya uchungu, angekaa chini na kulia na mwenzake. Fundi aliyachukua kama kazi iliyoletwa gereji. Aliteremka mlima ule akipiga hesabu za nguvu za farasi, na tangu siku hiyo hakukanyaga tena huko juu. Basi lilipita mbele ya banda lake kila saa, likipiga honi, na kusimama mlangoni kabisa kwa mama mkwe. Hakupanda hata siku moja. Angekwenda na nini, alimwambia Miwani, mikono mitupu?

Jumanne ya wiki ambayo injini ilikataa kuingia, shemeji yake, kaka wa mkewe, alipita bandani. Alikuwa mtu wa maneno machache na siku hiyo hata hayo machache yalimshinda. Alizunguka injini, akaisifu, akauliza habari za biashara, akaisifu tena injini. Mwishowe akasema kwamba shangazi yao amempatia dada kazi ya ushonaji mji mwingine, mbali, na Jumatatu anaondoka.

"Mwambie Jumapili nakuja," fundi alisema. "Mwambie nakuja na gari."

"Shemeji, njoo tu. Njoo leo."

"Mwambie na gari."

Ndiyo maana Alhamisi ile, injini ikiwa inaning'inia, fundi hakwenda hata kula. Kwanza aliondoa rejeta na kuisogeza mbele, injini ikaingia, akashangilia. Alipolegeza mnyororo, pua ya pikapu ikazama chini mpaka matairi yakagusa madigadi. Uzito wote ulikuwa mbele ya ekseli. Gari la hivyo halipandi mlima wala haligeuki kona. Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akashika kichwa, na Miwani, ambaye hakuwahi kuacha kumtania mtu hata kwenye mazishi, akavuta ndoo ya pili akakaa karibu naye.

Baadaye Miwani akamwambia taratibu, kama mtu anayemwambia mgonjwa. Ile injini ndogo bado ipo pale kwenye kona chini ya turubai. Yeye Miwani aliifungua juzi kwa udadisi. Ringi zimekwisha na gasketi ya hedi imeungua, basi. Wakiikamata sasa hivi, Jumamosi inanguruma, na mlima itapanda kama zamani.

"Ile sitaki kuiona," fundi alisema. "Ile imeniulia mtoto."

Miwani akaenda kuivuta turubai vizuri juu ya ile injini ndogo.

Njia iliyobaki ilikuwa moja, kuirudisha injini nyuma. Fundi alichukua grinda akakata ukuta wa bati. Cheche zilijaa banda. Injini ikaingia kidogo, ikakwama kwenye dashibodi. Akaikata dashibodi. Gia boksi nayo ikadai sakafu, akaipa sakafu. Ijumaa asubuhi ikawa imebaki turbo na mabomba yake ya moshi, na hayo yote, kwa namna alivyoyaunda, yalikuwa upande wa kushoto. Kuyahamishia kulia haikuwezekana, kulia kuna usukani. Akafungua bolti za kiti cha kushoto, akakitoa, akakiweka nje ukutani. Kuku wa jirani akapanda juu yake saa hiyo hiyo.

"Na abiria atakaa wapi?" Miwani aliuliza.

"Kwanza ipande."

"Nakuuliza shemeji yangu, mkeo, atakaa wapi."

"Nimesema kwanza ipande!"

Miwani alivuta waya zake akachomelea alichoambiwa achomelee. Alifunika turbo kwa bati nene, akaziba matundu, akaunga maunti za kushikilia injini kwenye chasisi, na kazi ilipoisha alikataa soda aliyonunuliwa. Jumamosi jioni injini iliwaka kwa mara ya kwanza. Sauti yake ilitikisa makopo kwenye rafu, na watoto wa mtaa mzima wakaja kushangaa. Fundi aliweka mkono juu ya boneti, akawaambia watoto warudi nyuma.

Jumapili alioga, akasugua kucha kwa sabuni ya unga mpaka zikauma, akavaa shati la bluu ambalo mkewe alimshonea. Akatoka. Kwenye mguu wa mlima alisimamisha gari kidogo, akapumua, akatia gia. Pikapu ikapanda. Wala haikupanda kwa kujikongoja, ilipanda kama inateremka, na watembea kwa miguu walikimbilia kando wakidhani ni lori. Alifika pale gari lilipozimika siku ile, kwenye ukuta wa rangi ya njano, akapita bila hata kupunguza gia. Hapo alilia. Alilia kwa sauti huku anaendesha, akimwambia mtu asiyekuwepo, umeona, umeona. Joto la turbo lilimchoma paja la kushoto na hakulisikia.

Sauti ya injini ilimtangulia. Alipokata kona ya nyumba ya mama mkwe, mkewe alikuwa ameshatoka barazani, shati lililokunjwa nusu mkononi. Nyuma yake mlango ulikuwa wazi na sanduku lilionekana juu ya meza. Alikuwa amekonda. Fundi alizima gari, akashuka, maneno yote aliyoyaandaa yakampotea. Likabaki moja.

"Imepanda."

Mkewe aliitazama pikapu, akamtazama yeye. Usoni kulikuwa na kitu kilicholegea, na fundi, ambaye hakuwa mtaalamu wa nyuso, alikiona kabisa. Mkewe aliteremka ngazi. Alizunguka mbele ya gari, akapitisha kiganja juu ya taa ya duara, akafika upande wa kushoto. Akafungua mlango.

Ndani kulikuwa na bati la Miwani, limepinda kutoka dashibodi mpaka kwenye ukuta wa nyuma, na joto likampiga usoni kama la jikoni. Fundi alizunguka mbio. Alianza kupima kwa shubiri pale kati ya bati na mlango, akisema kuna nafasi, ataweka kiti kidogo cha kukunja, atatafuta sponji nene, ataweka bati la pili la kuzuia joto, wiki moja tu, siku mbili, akipata mtu wa kumsaidia hata kesho.

"Siku ile ulinishusha katikati ya mlima ukabaki na injini," mkewe alisema. Hakupaza sauti. "Leo umenishusha kabla sijapanda."

"Nimefanya kwa ajili yako, mke wangu. Usiku na mchana."

"Basi linapita hapa kila saa." Sasa machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Nilikuwa nasikia honi natoka kuangalia. Ungekuja na basi. Ungekuja tukalia wote."

Fundi alibaki ameinama mlangoni, shubiri yake bado imetandazwa juu ya bati. Alitaka kusema kwamba hakujua. Ilikuwa kweli hakujua, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi, kwamba angeapa kwa lolote na angekuwa anasema kweli. Bati lilikuwa la moto. Akauondoa mkono.

Mkewe alifunga mlango wa gari taratibu, kama mtu anayeogopa kumwamsha aliyelala. Alipanda ngazi za baraza, akalinyoosha lile shati mkononi, akamalizia kulikunja. Kisha akaita kuelekea ndani.

"Mama, kuna mgeni. Mletee maji."

Miaka yote fundi alipokuja nyumba ile aliingia mwenyewe jikoni, akachota mwenyewe kwa kikombe chochote alichokikuta, na mama mkwe alimfokea kwamba amemwaga sakafuni. Sasa mama mkwe alitoka na glasi safi juu ya sahani, amejifunga khanga vizuri, akampa bila kumtazama machoni.

"Karibu, baba," alisema.

Fundi aliipokea kwa mikono miwili. Akanywa yote, akarudisha glasi juu ya sahani, akasema asante.