Ukuta wa Fundi Mwiko

Fundi Mwiko alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, lakini ukuta ule aliutambua kwa kuuegemea tu. Miaka thelathini iliyopita ndiye aliyeupiga lipu, ukumbi mzima wa duara wa hospitali hii ya macho alikoletwa kutibiwa, na kila aliyeketi karibu naye alisimuliwa habari hiyo, apende asipende.

Ukuta wa mviringo hauna masihara. Ubao ulionyooka hauwezi kuupima, kwa hiyo yeye aliupima kwa mnong'ono. Mkewe, ambaye sasa ni marehemu, ndiye aliyekuwa akimkorogea saruji huku binti yao mdogo akicheza mchangani. Lipu ikishakauka, mama yule alikwenda kukaa upande wa pili, akasogeza mdomo ukutani na kunong'ona. Sauti ikizunguka na ukuta na kumfika fundi sikioni nzima, kazi imekubali. Ikikatika njiani, kuna kinundu, na fundi anarudia bila kununa. Mara nyingi alichonong'ona mama ni, "Mzee, njaa inaniuma." Hata hilo lilifika.

Huu ulikuwa mwaka wa pili tangu amzike. Nyumbani walibaki baba na binti, na maneno yao yalikuwa ya chumvi na funguo basi. Kila mmoja alimwogopa mwenzake asije akalia.

"Baba, nishikie simu yangu na mkoba," binti alimwambia asubuhi hiyo. "Nakaa kule ng'ambo, karibu na dirisha la muuguzi, nisikie namba yetu ikiitwa."

"Haya, mama."

Fundi akaegemeza kichwa ukutani. Punde sauti ya binti ikamfika sikioni, nyembamba lakini nzima.

"Ile kazi ya mbali nimeipata tena. Nimeshaikataa mara mbili kwa ajili ya mzee. Safari hii nimekubali. Naondoka mwezi ujao, na sijui nitamwambiaje."

Anaongea na nani huyu kwenye simu? Shoga yake, bila shaka. Baba mtu ndiye wa mwisho kujua. Kweli kikulacho ki nguoni mwako. Akashika koti lake ainuke aondoke zake, na mkono ukagusa mfuko. Simu ya binti ilikuwa humo.

Basi hakuwa akiongea na mtu mwingine. Alikuwa amekwenda kukaa pale pale alipokuwa akikaa mama yake, auambie ukuta alichoshindwa kumwambia baba usoni.

Fundi akageuza mdomo ukutani. Jibu la kiume alikuwa nalo tayari: mimi sina neno, nenda tu. Likamkwama. Lipu hii aliipiga kwa mkono wake, akaona haya kuipitishia uongo.

"Nitakuwa mpweke, mwanangu," akanong'ona. "Mpweke sana. Nenda."

Sauti ya binti ikarudi kwa njia ile ile ya ukutani.

"Nimesikia, baba. Na mimi pia."

Muuguzi akaita namba yao. Akaita tena. Binti aliyekaa karibu na dirisha ili asikie hakuinuka, wala baba yake hakuinuka.