Udongo wa Mukhta

Mzizi ulimpasukia Subhan mkononi kama yai viza. Maji ya rangi ya chai yakamchuruzika hadi kiwikoni, yakaingia ndani ya mkono wa feran lake, lile joho pana la sufi, na harufu yake ilikuwa ya kumkimbiza hata nzi. Akautupa. Akachimbua wa pili kwa vidole. Nao ulikuwa ngozi tupu, ndani uji. Wa tatu hakuugusa.

"Tena?" ilisema sauti nyuma yake.

Hakugeuka. Zeba, mdogo wa Mukhta, marehemu mkewe, alikuja makaburini kila Alhamisi kumsomea dada yake Fatiha, na akishamaliza Fatiha humsomea shemeji yake yaliyobaki.

"Tena," alijibu Subhan.

"Mwaka wa tatu huu."

"Kuhesabu najua."

"Kuhesabu unajua. Kusikia ndiko kunakokushinda."

Makaburi yale yako kwenye mteremko, milima juu na ziwa la Dal chini, na hayana mawe. Desturi ya pale ni moja: tajiri na maskini hulazwa chini ya udongo mtupu, na juu ya tuta hupandwa irisi, yale maua ya zambarau yenye ndevu za manjano, ambayo majani yake husimama kama panga. Mizizi yake, minene kama tangawizi, hutambaa juu ya tuta na kulishikilia lisisombwe theluji inapoyeyuka. Kila kaburi mle lilikuwa na panga zake za kijani. La Mukhta lilikuwa na tope.

Tena tope zuri, na hapo ndipo palipomuuma Subhan. Miaka arobaini alikuwa mkulima wa bustani zinazoelea ziwani. Kwa mti mrefu alivuta magugu na tope jeusi kutoka chini ya maji, akavilaza juu ya mikeka ya matete, na juu yake akaotesha matango, maboga na mboga za majani ambazo wachuuzi walizigombea alfajiri kabla mtumbwi wake haujasimama. Watu walisema ukichomeka fimbo kwenye udongo wa Subhan, rudi kesho na kikapu.

Kwa hiyo Mukhta alipofariki, alifanya analolijua. Alijaza mtumbwi tope lile jeusi, akalivusha, akalipandisha mteremko kwa mgongo wake mwenyewe, kikapu baada ya kikapu, hadi kaburi la mkewe likanona kuliko yote. Mwaka wa kwanza maua yalikataa kuchanua, akaongeza tope. Wa pili majani yakageuka manjano, akaongeza tena, na samadi ya bata juu yake. Kitu kikikonda unakilisha. Nani asiyejua hilo?

Mzee Lasa, mchimba makaburi, alikuja akiburuta sepetu yake, akasimama kando ya tuta na kulitazama kama mtu anayetazama mgonjwa aliyekwisha katiwa tamaa.

"Subhan," alisema, "mimi daftari sina. Daftari langu ni majani. Theluji ikiyeyuka, mteremko huu wote unakuwa sawasawa kama godoro. Nikiona majani najua hapa kuna mtu, nasogea. Nisipoona, sepetu haina adabu."

"Mzee Lasa, si wewe uliyemchimbia Mukhta? Hujui alipo?"

"Nimechimbia mia nne. Macho yenyewe ndiyo haya." Akayaonyesha, yamefunga ukungu. "Na nikiondoka mimi, huyo atakayeshika sepetu atamjulia wapi?"

"Nitachomeka kigingi."

"Chomeka. Baridi ya kwanza tu, kitakuwa kuni za mtu." Akakohoa. "Theluji ikiondoka nikute majani hapa. Vinginevyo nitachimba, na sitaki kumfungulia mtu mlango akiwa amelala."

Zeba alisogea. Alipiga magoti, akazamisha mkono kwenye tuta, akatoa konzi moja na kuikamua. Maji yakatiririka kama anakamua nguo.

"Shemeji, hili si kaburi. Hii ni supu."

"Huo ndio udongo bora kuliko wote bonde zima."

"Kwa matango! Dada yangu ni tango?"

Mzee Lasa alicheka hadi kikohozi kikamshika tena.

"Nilikuambia mwaka jana," Zeba aliendelea. "Nilikuambia na mwaka juzi. Maua haya hayataki shibe. Yanataka jua, na maji yapite yaende zake. Ukaniambiaje?"

Subhan alikumbuka vizuri alichomwambia. Alimwambia hawezi kufundishwa udongo na mwanamke wa nyanda za juu, kwao ambako mbuzi hulamba mawe.

"La kuvunda halina ubani," alisema Zeba. "Utoe wote."

"Wote?"

"Mpaka chini ulipoanzia. Ukibakisha konzi moja nitaijua."

Alichimba tangu asubuhi hadi adhuhuri. Kila kikapu kilichotoka kilimchoma, maana mkono wake ulikuwa bado unaujua udongo ule, jinsi unavyotulia kiganjani, mzito na laini kama siagi. Alipouelekeza mteremkoni kuumwaga, Mzee Lasa alipaza sauti kutoka kwenye kibanda chake.

"Usiumwage huko! Lete hapa, nina maboga."

Subhan alisimama na kikapu mgongoni. "Kumbe ulikuwa unausubiri?"

"Miaka mitatu," alijibu Lasa, bila haya hata kidogo.

Kesho yake Subhan alipanda kwenda kijijini kwa Zeba. Hakuwa amefika huko tangu mazishi ya mama mkwe. Palikuwa pakavu mpaka midomo ilimpasuka njiani. Zeba alimpa chai ya chumvi na mkate, akamwacha anywe haraka, kisha akampeleka nyuma kwenye nyumba ya zamani ya wazazi, ambamo sasa wanalala ng'ombe.

"Panda," alisema, akaegemeza ngazi.

Paa lilikuwa la udongo, kama mapaa yote ya zamani. Na juu yake, kutoka ukingo hadi ukingo, zilisimama irisi. Mizizi ilikuwa imelala juu ya udongo mkavu, migongo wazi juani, imenona na kubanana, mmoja umempanda mwenzake kama kondoo zizini. Subhan alishika konzi ya udongo. Ukamponyoka katikati ya vidole, ukapeperuka. Alihisi ametukanwa.

"Nani anayanywesha haya?" aliuliza kutoka juu.

"Mungu, akikumbuka."

"Na samadi?"

"Kunguru."

"Zeba, huu si udongo. Hili ni vumbi!"

"Basi changanya hilo vumbi na kokoto za mtoni, jivu kidogo na tofali lililopondwa. Nimekuwekea magunia manne pale. Na ung'oe mizizi saba, ile ya ukingoni, upande ule aliokuwa akilala dada."

Subhan alichungulia chini. "Kulala wapi?"

"Hapo hapo ulipo. Kiangazi chote, na blanketi yake. Mama alimpigia kelele mpaka akachoka. Mukhta alikuwa akisema mifupa yake inataka kukaushwa kama pilipili." Zeba alishika ngazi isiyumbe. "Ulipomwoa, mara ya kwanza aliporudi kututembelea, nilimuuliza, huko ziwani kukoje? Akasema, Zeba, huko hata chumvi inalia."

Subhan aliinama. Aling'oa mizizi, taratibu, akiipangusa mmoja mmoja. Chumvi ilikuwa kweli ikilia. Ilikaa kwenye kibakuli cha udongo kando ya meko, na kila asubuhi Mukhta alimwaga maji yake mlangoni. Blanketi alizianika kwenye mti wa kando ya maji, na hazikukauka. Magoti yake yalivimba. "Subhan," alimwambia, si mara moja, "nipeleke mahali pakavu, hata siku mbili tu." Na yeye, kila ilipoingia baridi, alimnunulia blanketi nyingine.

"Umelala huko?" aliita Zeba.

"Nashuka!"

Kutoka barabarani magunia yalipakiwa mtumbwini, na Subhan akavuka nayo ziwa, akipiga kasia lake lenye umbo la moyo, Zeba amekaa mbele akizishika kingo mbili kana kwamba yeye ndiye aliyeushikilia mtumbwi usizame. Kwenye njia ya maji katikati ya bustani walikutana na Nabir, jirani, na mtumbwi wake umejaa figili.

"Subhan! Mzigo gani huo?"

"Udongo."

"Wa kupeleka wapi?"

"Naleta."

Nabir alitua kasia. "Unaleta udongo? Huku? Jamani sikieni! Subhan ananunua udongo bara! Kesho atatuletea maji kwa gunia!"

Kicheko kikaruka kutoka mtumbwi hadi mtumbwi. Siku nyingine Subhan angemrudishia Nabir habari za figili zake, ambazo hata bata huzikwepa. Leo aliangalia mbele akapiga kasia. Masikio yake yalikuwa ya moto.

Makaburini alijenga tuta upya. Aliweka kokoto chini, akachanganya vumbi la njano na jivu na vipande vya tofali, akalipandisha tuta katikati kama mgongo wa punda, na kulizunguka akachimba mfereji mwembamba wa kupitishia maji. Hilo la mfereji Zeba hakumfundisha. Kuondoa maji alikujua. Hakuwahi kutaka tu.

Kisha akaanza kupanda. Kila mzizi aliuketisha juu ya kilima kidogo, nyuzi zake zikining'inia huku na huku kama miguu ya mpanda farasi, akazifukia nyuzi. Na mkono wake, wenyewe tu, ukasukuma udongo juu ya mgongo wa mzizi na kuupigapiga.

Zeba akaufukua. "Mgongo uote jua."

"Baridi itaupiga."

"Utazoea. Uache."

Mzizi wa pili, mkono ukafanya vilevile. Zeba akafukua. Wa tatu, akampiga kofi mkononi kama mtoto aliyegusa chungu.

"Shemeji, wewe una ugonjwa!"

"Miaka arobaini nafukia vitu, Zeba! Unataka nijifunze leo?"

"Leo. Kesho kuna nini?"

Mizizi saba ilipokaa, Subhan alisimama, akashuka hadi majini, akarudi na ndoo.

"Weka chini," alisema Zeba.

"Tone moja tu. Imepandwa leo."

"Weka chini hiyo ndoo, la sivyo nitakuogesha nayo mbele ya marehemu wote hawa." Akanyoosha kidole juu ya milima, ambako wingu lilikuwa limeanza kukaa. "Maji yake yanakuja. Na yatatosha."

Subhan aliitazama ndoo. Akanywa kidogo, akanawa uso, akaimwaga njiani.

Mzee Lasa alikuja kukagua, akainama hadi pua ikakaribia kugusa tuta. Majani Zeba alikuwa ameyakata mafupi, kama ilivyo desturi ya kupanda.

"Haya ndiyo majani? Mbona yamenyolewa?"

"Yatasimama," alisema Zeba.

"Na yasiposimama?"

Lasa alijikuna kidevu, akachukua sepetu yake. "Haya. Theluji ikiondoka tutaonana," alisema, akaenda kwa maboga yake.

Zeba alimsomea dada yake, akajifunga shela, akaondoka kabla njia haijaloa. Mara hii hakumwachia shemeji yake neno. Mvua ikamkuta Subhan peke yake. Ilianza kwa matone makubwa, yakichimba vishimo kwenye vumbi la njano, kisha ikashuka yote. Alichutama kando ya kaburi akiangalia. Alingoja tuta ligeuke tope. Maji yalipiga, yakazama, yakatokea chini mferejini, membamba, safi, yakaenda zake ziwani.

Mizizi saba ilikuwa imelala wazi, imelowa, kama watu waliosahauliwa nje. Mkono wake ukanyanyuka. Akaurudisha. Ukanyanyuka tena, ukafika tutani, vidole vikashika udongo kidogo.

Akauachia. Akaiingiza mikono yote miwili ndani ya feran, akaikumbatia tumboni kama mtu anayeshikilia kuku wawili wakaidi, na akabaki hivyo mpaka mvua ikakatika. Jua la jioni likapenya chini ya wingu, likapiga mteremko. Upepo ukashuka kutoka nyanda za juu. Migongo ya mizizi ikaanza kukauka, mmoja baada ya mwingine, kutoka rangi ya kahawia kwenda rangi ya mkate, na yeye aliitazama, mikono yake bado ndani.