Miaka Isiyohesabika

Mama Swali alikuwa anamgeuza mumewe kitandani, mkono mmoja begani na mwingine kiunoni, mlango ulipogongwa kwa kufuli. Si kwa ngumi, si kwa kidole. Kwa kufuli lenyewe, ili wa ndani wajue mapema mgeni amekuja na nini.

"Ingia," alisema, bila kuongeza karibu.

Aliyeingia ni Bwana Majengo, msimamizi wa nyumba za wafanyakazi wa chuo kikuu. Hakukaa. Alitazama dari, akatazama sakafu, akatazama kila kitu isipokuwa kitanda.

"Mwalimu, leo ndiyo leo. Mhadhiri mpya anahamia kesho."

"Leo si mna sherehe?"

"Sherehe ni ya chuo. Nyumba pia ni ya chuo."

"Na huyu nimpeleke wapi?"

Huyo alikuwa mumewe, Bahasha, ambaye kiharusi kilimchukua upande mzima wa kulia kikamwachia ulimi. "Mwambie anibandike stempu anitume," alisema Bahasha, kichwa juu ya mto. "Popote. Mimi ni mwepesi siku hizi."

Bwana Majengo hakucheka, ingawa shavu lilimcheza.

Kwa asiyejua, habari yenyewe ni hii. Kabla ya kuwa chuo kikuu cha masomo ya mbali, chenye majoho na lango la vioo, mahali hapa palikuwa na chuo cha posta. Masomo yalichapwa, yakakunjwa, yakatiwa kwenye bahasha, yakaenda kwa manesi wa zahanati za mbali, kwa wafungwa, kwa mafundi cherehani. Yalirudi yakiwa na majibu na madoa ya mafuta ya taa. Bahasha alipata jina lake katika chumba cha kufungia barua, kwa kulamba gundi mpaka midomo ikapasuka. Posta ilipoanza kusuasua, kikaja chuo cha redio, jengo lile lile, na hapo ndipo mkewe alipowekwa kwenye kijichumba chenye magodoro ukutani ya kuzuia kelele, afundishe hesabu.

Alikuwa na mtindo wake. Angesema, "Sasa swali," aulize, halafu anyamaze kimya. Mkuu wa studio alipiga kelele mwanzoni: watu watadhani redio imekufa! "Waache wajibu," Mama Swali alimwambia. "Mtu akijibu kwa mdomo wake mwenyewe, hasahau." Na kweli, nchi nzima ilijibu katika kimya kile. Walinzi walijibu getini peke yao, wapishi walijibu mbele ya sufuria, watu wakadhani wamechanganyikiwa. Hapo ndipo alipoitwa Mama Swali.

Kisha vyuo vikaunganishwa vikawa chuo kikuu. Watu wakubwa wakaja na viti vya kuzunguka. Sheria ya nyumba ikaandikwa: aliyetumikia chuo miaka ishirini abaki katika nyumba yake mpaka afe. Mama Swali alikuwa na thelathini. Lo! Wao wakahesabu kumi na mitano. Miaka ya redio, walisema, haimo.

Mwezi uliopita alikwenda kwa Msajili. Alikwenda na moyo mweupe, kwa sababu Msajili alikuwa mwanafunzi wake. Zamani alilinda ghala la mbolea, redio ndogo mapajani, na alikuwa akijisifu kila mahafali kwamba yule mama ndiye aliyemfundisha kugawanya. Siku ile alimkaribisha kiti, akamwagizia chai, akamwambia kwa upole kabisa:

"Mwalimu wangu, nakuheshimu sana. Lakini kile chuo kilishakufa. Na maiti haina wafanyakazi."

Mama Swali hakuimaliza ile chai. Aliibeba ile sentensi mpaka nyumbani, akalala nayo, akaamka nayo, akapikia nayo. Kila alipomgeuza mumewe aliirudia kichwani. Wahenga walisema akutendaye mtende, na yeye hakuona sababu ya kuwabishia.

Sasa asubuhi hii, kufuli likiwa bado mkononi mwa Bwana Majengo, mlango ulisukumwa tena. Alikuwa Bi Itifaki, binti wa ofisi ya sherehe, amevaa viatu vya kuchuchumia, anahema.

"Shikamoo mwalimu! Jamani, nimekutafuta! Wahitimu wa zamani wamefurika uwanjani, na kila mmoja anauliza, Mama Swali yuko wapi? Wakubwa wamesema uje utusalimie kama zamani. Kidogo tu. Na tuko hewani moja kwa moja, redioni."

"Marahaba, mwanangu. Hili kufuli unaliona?"

Binti aliliona. Alishusha macho kwenye viatu vyake. "Hilo sasa... si la idara yangu, mwalimu."

"Haya," alisema Mama Swali, na akatabasamu. "Nitakuja."

Alijifunga kanga safi, akamwekea Bahasha redio karibu na sikio zima. Bahasha alimtazama usoni.

"Unatabasamu," alisema. "Kuna mtu ataipata leo."

"Pumzika, mume wangu."

Uwanjani palikuwa na mahema meupe na bango lenye upana wa basi: MIAKA HAMSINI YA KUELIMISHA. Chini yake meza ndefu, kitambaa cha buluu, chupa za maji, na mbele ya kila mkubwa maiki yake. Wahitimu walikaa juani, maana mahema yalikuwa ya wageni waalikwa. Vichwa vyeupe vingi. Wengine walikuwa wamekuja na watoto wao, wakawaonyesha kwa kidole: yule pale, ndiye yule.

Msajili alikuwa anasoma historia. Soma, ndugu yangu, soma! "Sisi ni mti mmoja," alisema. "Chuo cha posta ni mizizi yetu. Chuo cha redio ni shina letu. Hatuwezi kuwasahau wazee wetu." Makofi. Mama Swali alisimama kando ya jukwaa akisikiliza kila neno. Mwezi mmoja tu, maiti imefufuka ikawa shina!

Akaitwa. Uwanja mzima ulisimama.

"Wanafunzi wangu, hamjambo?"

"Hatujambo, mwalimu!"

"Chukua kalamu. Kama huna kalamu, tumia vidole. Kama vidole vina kazi?"

"Tumia kichwa!" walipaza, na mzee mmoja mbele akaanza kulia waziwazi.

"Somo la leo ni fupi. Chuo cha posta kilifundisha miaka ishirini. Chuo cha redio, miaka kumi na mitano. Chuo kikuu hiki, miaka kumi na mitano mpaka leo. Sasa swali. Jumla ni ngapi?"

Akanyamaza.

"Hamsini!"

"Vizuri. Bango halijakosea." Watu walicheka. Msajili alicheka kuliko wote, akamgeukia mgeni rasmi kumwambia, bila shaka, habari za ghala na redio.

"Sasa tuendelee," alisema Mama Swali, kwa sauti ile ile, taratibu, ya kufundishia. "Nilitumikia redio miaka kumi na mitano, na chuo kikuu kumi na mitano. Nilipoomba nibaki na nyumba yangu, Msajili aliniambia miaka ya kule haihesabiki. Vyuo vile vimekufa, na maiti haina wafanyakazi. Leo mimi natolewa. Na mume wangu, aliyelamba bahasha zenu mpaka akatokwa damu, anatolewa na kitanda chake, maana kusimama hawezi."

Kicheko kilikatika. Msajili aligeuka, akamtafuta fundi mitambo kwa macho, akapitisha kiganja shingoni.

"Sasa swali. Tukitoa miaka isiyohesabika, chuo hiki kina miaka mingapi?"

Fundi akakata sauti.

Na hapo ndipo walipojichongea. Fundi yule alikuwa kijana wa simu na video, hakuwahi kusikia somo hata moja la redio. Angeikata katikati ya neno lolote jingine, angemnyamazisha mama wa watu. Lakini aliikata baada ya swali. Na kwa wale waliokaa juani, kimya baada ya swali hakikuwa kimya. Kilikuwa zamu yao.

"KUMI NA MITANO!"

Walijibu bila kupanga, kwa vinywa vilivyofundishwa kujibu gizani peke yao. Na kutoka kwenye vipaza sauti, nyuma kidogo ya wengine, ilitoka sauti moja zaidi, ya mlinzi wa ghala aliyezoea kujibu redio yake. Maiki ya mezani haikuwa imezimwa. Msajili alifunga mdomo, lakini neno lilishatoka, na lilikwenda mbali kadiri redio inavyofika.

Mama Swali aliitazama ile sura. Aliitazama vizuri, bila huruma, mpaka akashiba. Halafu akasema kwa mdomo mtupu, "Aliyepata ajipigie makofi," na wakapiga, na mikono ya Msajili ikabaki chini ya meza.

Walinzi wawili walimshika viwiko wakamtoa kwa adabu. Nyuma yake bendi ilianza kupiga haraka haraka, na mgeni rasmi akakata keki yenye hamsini juu yake.

Alirudi kwa miguu. Nje ya nyumba, kwenye vumbi, alikiona kitanda. Bahasha alikuwa juu yake, shuka hadi kifuani, redio tumboni. Sufuria, jiko, ndoo na godoro la akiba vilikuwa vimerundikwa ukutani. Bwana Majengo alikuwa ndio anabana kufuli.

"Nimekusikia," alisema Bahasha, macho yamejaa maji. "Niliwatangulia wote kujibu."

"Na huyu?" aliuliza Mama Swali, akimwonyesha Bwana Majengo kwa kidevu.

"Huyu naye alijibu. Kwa sauti, kabisa, mguu mmoja wa kitanda mkononi, vijana wake wameshika mingine. Halafu akaendelea kubeba."

Bwana Majengo aliupachika ufunguo kwenye pete yake. "Mwalimu, mimi ni mtu wa kutumwa tu," alisema. "Mama yangu alisoma kwako."

Mama Swali alikaa ukingoni mwa kitanda, akamweka sawa mumewe mguu uliokuwa unaning'inia. Hakupandisha sauti.

"Sasa swali," alisema. "Mgonjwa wangu leo analala wapi?"

Kisha akanyamaza, akamtazama, akampa nafasi ajibu.