Fundi Aliyekataa Kubandika Onyo

Barua ilikuja Jumatatu asubuhi, nayo ilianza kwa heshima zote. "Mpendwa Muuzaji," ilisema, na binti wa fundi akajua kumekucha. Miaka miwili ya kuuza viti vya baba yake kwenye soko la mtandaoni ilikuwa imemfundisha kwamba ukiitwa mpendwa na mtu asiyekujua, kuna kitu anakitaka.

Safari hii soko lilitaka hati za usalama za kiti kirefu cha kulishia mtoto. Picha za pande zote sita, ripoti ya majaribio, cheti cha rangi, fomu ya maswali kumi na moja, na picha ya lebo ya onyo ikiwa imebandikwa mahali pa kuonekana. Mwisho Ijumaa, saa kumi jioni. Baada ya hapo kiti kingeondolewa sokoni.

Na kiti hicho ndicho kilichokuwa kinaipa karakana pumzi. Meza na makabati ya mzee hakuna aliyeyaagiza tena tangu duka la samani za kuunga kwa skrubu lifunguliwe barabara kubwa. Viti vya watoto, vilivyonunuliwa na watu wasiowahi kumwona, ndivyo vilivyomfanya aendelee kuamka alfajiri na kuvaa aproni yake. Bila kiti hicho karakana ingefungwa, na mzee angeshinda nyumbani akimwelekeza mkewe jinsi ya kupanga sufuria. Mama alishasema wazi kwamba hilo hataliweza.

Mtaani walimwita Nusu Milimita. Aliwahi kumrudia mteja mara tatu kwa ajili ya mlango ambao mteja mwenyewe aliuona umenyooka, na mara ya tatu mteja alijifungia ndani akajifanya hayupo. Fundi alimsubiri nje na randa yake mkononi.

Alipoambiwa zinatakiwa picha, mzee akaenda kunyoa ndevu. Akarudi karakana amevaa koti.

"Baba, wanataka kiti."

"Kwani kiti kimejitengeneza?"

Akasimama kando ya kiti, mkono mmoja juu ya mgongo wake, kifua mbele. Kuepusha shari, binti akampiga picha sita, pande zote, akazituma akiamini hakuna atakayezitazama. Dakika arobaini baadaye jibu likaja: picha zote sita zina mtu, tafadhali tuma za bidhaa peke yake.

"Kumbe wameniona," mzee akasema, na wala hakuonekana kusikitika. Picha nyingine binti alizipiga mzee alipokwenda kuvua koti.

Majaribio yalikwenda vizuri zaidi. Maelekezo yalisema mfuko wa mchanga wa kilo kumi na tano uketishwe kitini, kiti kiinamishwe mbele, nyuma na pembeni, kisha mfuko ubaki pale mchana kutwa. Mzee akaongeza kilo tano. Alisema kuna watoto wanalishwa vizuri. Jioni akaandika ripoti kwa mkono wake: "Kiti kizima. Mchanga mzima. Mpimaji amechoka kidogo." Binti akafuta sentensi ya mwisho. Cheti cha rangi kilipatikana Jumatano kwenye droo ya vijiko, mahali ambapo mama alikuwa amekitandika kwa sababu karatasi yake ilikuwa nzuri.

Ilibaki lebo. Binti aliichapisha Alhamisi, nyeusi juu ya njano, kama soko lilivyoagiza: ONYO. USIMWACHE MTOTO PEKE YAKE KITINI, HATA KWA MUDA MFUPI.

Mzee aliisoma akiwa amesimama. Akairudisha mezani.

"Hii sibandiki."

"Kwa nini?"

"Kiti changu nikitangaze kwa ubaya? Sahani umeona imeandikwa usiitafune?"

Binti alijaribu kila njia. Alisema itawekwa chini ya kiti. Alipouliza, soko likasema haitaonekana. Alisema viti vyote duniani vinayo. Mzee akasema vyote duniani havikutengenezwa na yeye. Binti akamwomba mama aingilie kati. Mama akamtazama mumewe kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kisha akasema tu, "Angekuwa kijana ningesema ni kiburi. Kwa umri huu sijui tuite nini." Akaondoka na vikombe vyake. Binti aliona mama amemtupa mkono, akanuna.

Ijumaa saa nane mchana lebo ilikuwa bado mezani, na mzee alikuwa anapiga msasa mguu wa kiti uliokwisha kuwa laini tangu asubuhi. Binti akaamua amalize fomu kwanza, ugomvi baadaye. Alikuwa akisoma kila swali kwa sauti na kulijibu yeye mwenyewe. Je, kiti kina mkanda? Ndiyo. Je, kuna sehemu ndogo inayoweza kumezwa? Hapana. Akafika la kumi na moja.

"Je, kuna mtoto yeyote aliyewahi kuumia akiwa kwenye bidhaa hii au toleo lake la awali? Hapana." Kidole chake kilikuwa tayari kinashuka.

"Ngoja," mzee akasema.

Msasa ulikuwa umenyamaza. Alikuja pole pole, akajifuta mikono kwenye aproni, akaweka kidole chini ya kidevu cha binti yake. Pale palikuwa na kovu, urefu wa punje ya mchele. Habari zake zilijulikana na ukoo mzima: jogoo wa jirani alimdonoa akiwa na mwaka mmoja na nusu, kwa kuwa alimnyang'anya jogoo chakula chake. Hadithi hiyo ilisimuliwa kwenye kila harusi, na mjomba mmoja alikuwa na kawaida ya kuwika akimwona. Binti mwenyewe aliwachekesha watu kwayo kazini kwake kwa zamani.

"Hakukuwa na jogoo," mzee akasema. "Kulikuwa na kiti. Cha kwanza kabisa kukitengeneza. Miguu niliisimamisha wima kwa sababu nilikuwa na haraka ya kukuona umekaa. Mama yako alikuwa kazini. Niligeuka kuchukua randa. Niligeuka tu."

Mama alikuwa mlangoni na birika. Alilitua juu ya benchi, katikati ya maranda.

"Jogoo nilimtunga mimi," akasema. "Baba yako hakuwa anakula wala kulala, na watu walikuwa wanauliza mtoto kafanya nini. Jogoo alikuwa jibu la karibu." Akalisogeza birika mbali na maranda. "Jirani alimchinja wiki ile ile. Alituletea na paja kwa kuomba radhi. Nililipika, ningefanyaje."

Kitu cha kwanza binti alichokipata moyoni ni hasira. Miaka thelathini wamemcheka, na yeye amecheka pamoja nao. Alifungua kinywa aseme hivyo. Lakini baba yake alikuwa bado amemshika kidevu, na kile kidole, ambacho kiliweza kuhisi nusu milimita kwenye mbao, kilikuwa kinalipapasa lile kovu. Akaitazama lebo mezani, akaisoma tena, neno kwa neno. Hata kwa muda mfupi. Siku mbili alikuwa akimbembeleza baba yake aandike kosa lake kwenye kila kiti anachokitengeneza. Hasira ikamwishia, akamhurumia.

"Baba," akasema, "kile kilikuwa kiti kingine. Hiki miguu imetanuka. Nikijibu hapana sijadanganya mtu."

"Wameuliza toleo la awali."

"Tukisema ndiyo watakifunga."

"Wafunge." Akavuta kigoda akaketi. "Kila mzazi anayenunua kiti changu anadhani nilizaliwa nikijua miguu inatakiwa kutanuka. Andika ndiyo, mwanangu."

Binti akaandika ndiyo. Kikafunguka kisanduku cha maelezo, na mzee akamtajia maneno kwa utulivu, kwa vipimo, maana daftari lake la zamani la vipimo hakuhitaji kulifungua: miguu wima, upana wa chini sentimita thelathini na nane, mtoto aliegemea pembeni, kiti kikaanguka, kidevu kikachanika, aliyekuwa anamwangalia ni mimi, tangu siku ile upana ni hamsini na mbili. Kisha akaichukua lebo na kuibandika mwenyewe kwenye mgongo wa kiti. Alitumia pima maji. Mama akasema akiinyoosha zaidi ya hapo saa kumi itamkuta bado anapima, naye akasema aachwe.

Waliituma fomu pamoja na picha ya lebo saa kumi kasoro dakika nane. Saa kumi kasoro saba jibu likaja, la mashine. "Mpendwa Muuzaji. Kutokana na jibu lako kwa swali la kumi na moja, bidhaa yako imeondolewa sokoni hadi uchunguzi utakapokamilika."

Siku zilizofuata zilikuwa ndefu. Mzee alizinoa patasi zake zote, kisha akazinoa tena. Jumapili alionekana jikoni akizipima rafu kwa macho, na mama akamtuma dukani kununua chumvi, ambayo ilikuwepo. Binti alikuwa anafungua barua kila baada ya robo saa na kujilaumu. Angebonyeza hapana bila kulisoma swali kwa sauti, wangekuwa wameuza viti vinne. Lakini kila alipofika hapo katika kujilaumu, aligundua asingetaka iwe hivyo.

Jumatano barua ilikuja, na hii haikuandikwa na mashine. Ilitoka kwa mhakiki wa dawati la usalama. Alisema amelinganisha vipimo vya zamani na vya sasa, akaona mabadiliko yanatosha, na lebo ameiona, tena hajawahi kuona iliyonyooka namna ile. Kiti kingerudi sokoni siku hiyo hiyo. Lilibaki pengo moja tu kwenye faili, ambalo asingeweza kulifunga bila jibu: "Hukueleza mtoto aliyeumia anaendeleaje."

Binti aliisoma kwa sauti. Akaisoma mara ya pili, mama asikie vizuri. Akaanza kuandika kwamba mtoto alipona kabisa, asante.

"Nipishe," mzee akasema.

Akaketi mbele ya kompyuta, akavaa miwani, akaanza kutafuta herufi kwa kidole kimoja, unga wa mbao ukidondoka kwenye vitufe. Ilimchukua muda. Mama aliuliza mara mbili anaandika nini. Alipomaliza akasogea kando ili binti yake akague kama kuna makosa.

"Mtoto hajambo. Ndiye anayewaandikia barua hizi. Ubishi alikuwa nao hata kabla hajaanguka."

Hakukuwa na kosa hata moja, na binti akaituma.